Chemba, shirikisho au muungano wa hoja moja: wafanyabiashara wa mkoani wachague lipi?

Tuseme mko Kahama. Wanunuzi wa mpunga wana chama chao, wenye mashine za kukoboa wana umoja wao, wenye malori wana wao, akina mama wanaouza mchele sokoni wana kikundi cha kusaidiana, na wenye maduka ya pembejeo nao wana kundi lao. Kila kikundi kina mwenyekiti, muhuri na malalamiko. Malalamiko hayo yakiwekwa mezani, mengi yanakuwa ni yaleyale: mzigo uliokwisha kulipiwa ushuru unadaiwa tena kwenye geti la halmashauri ya pili, barabara ya kuingia maghalani haipitiki masika, ukaguzi wa jambo moja unafanywa na mamlaka tatu kwa ada tatu. Mtu anasimama kikaoni: "Ndugu zangu, tukienda mmoja mmoja tutaendelea kuambiwa tusubiri. Tuungane." Makofi yanapigwa, kamati ya kuandaa katiba inateuliwa, na baada ya miezi kadhaa kinazaliwa chombo chenye jina refu na akaunti ya benki isiyo na kitu.

Naandika kwa ajili ya viongozi wa vikundi ambao hawajafika huko. Kwa hapa kwetu njia za kuungana ni tatu: kuingia chini ya chemba iliyopo, kuunda shirikisho lenu wenyewe, au kufunga muungano wa muda kwa ajili ya hoja moja. Zote tatu zimewahi kuleta matunda mahali fulani, na zote zimewahi kupoteza nguvu za watu bure. Tofauti kubwa, kwa ninavyoona mimi, inatokana na kujua mapema hoja yenu inaamuliwa na nani.

Kwanza, kalamu iko kwa nani?

Chukueni ushuru wa mazao. Anayeukusanya ni halmashauri, na wenye kulalamika humwendea mkurugenzi au diwani wao. Lakini kiwango chenyewe kimo katika Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, ambayo hubadilishwa na Bunge. Mwaka 2017 ndipo kiliposhushwa kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula, na mzigo usiozidi tani moja unaotoka halmashauri moja kwenda nyingine ukasamehewa. Hakuna mkurugenzi ambaye angeweza kuwapa nafuu hiyo hata kama angewahurumia kwa dhati.

Kinyume chake, kama shida yenu ni mtoza ushuru wa getini anayekataa stakabadhi ya halmashauri mzigo ulikotoka, hamna haja ya kufika Dodoma. Hilo ni la mkurugenzi, mweka hazina wa halmashauri, na likishindikana ni la mkuu wa wilaya. Vivyo hivyo kwa ada za vizimba, saa za soko, maegesho ya malori na maeneo ya wamachinga: mengi yamo katika sheria ndogo zinazopitishwa na Baraza la Madiwani na kuidhinishwa na waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa. Kabla sheria ndogo haijapita, wananchi hutangaziwa na kupewa nafasi ya kuweka pingamizi. Tangazo hilo hubandikwa kwenye mbao za ofisi za kata na halmashauri, na mara nyingi hakuna mfanyabiashara anayelisoma. Mkipata mtu mmoja wa kupitia mbao hizo kila wiki, mtakuwa mmefanya kazi ambayo vyombo vikubwa vyenye ofisi mara nyingi havifanyi.

Kodi ya ongezeko la thamani, kodi ya mapato na mashine za risiti za EFD ni za Wizara ya Fedha na Bunge. Ada za ukaguzi za mamlaka za udhibiti huwa katika kanuni zinazosainiwa na waziri wa sekta. Huko ndiko ulikolenga mpango wa kuboresha mazingira ya biashara unaojulikana kama MKUMBI, uliopitishwa mwaka 2018 na kuanza kutekelezwa Julai 2019, na tozo kadhaa zilifutwa au kuunganishwa. Na kuna mambo ambayo hata waziri wetu hayaamui peke yake. Ushuru wa forodha wa mchele kutoka nje ya Afrika Mashariki, yaani asilimia 75 au dola 345 kwa tani, kile kitakachozidi, unatokana na ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mwenye mashine ya kukoboa Kahama anaishi chini ya kivuli cha namba hiyo, ajue asijue.

Kwa hiyo kabla ya kuitisha mkutano wa kuungana, andikeni hoja zenu kwenye karatasi moja, na mbele ya kila hoja mwandike jina la cheo cha anayesaini. Zikiangukia sehemu moja, kuchagua njia kutakuwa rahisi. Zikiwa zimetawanyika ngazi tatu, msijaribu kuzibeba zote kwa chombo kimoja.

Kuingia chini ya chemba

Chemba ya Biashara, Viwanda na Kilimo, TCCIA, ilianzishwa mwaka 1988, wakati nchi inaanza kufungua milango ya biashara binafsi. Ina ofisi mikoani na katika wilaya nyingi, na kwa anayeuza nje ndiyo inayotoa vyeti vya uasili wa bidhaa, yaani vya kuonyesha bidhaa imetoka nchi gani. Juu yake kuna Taasisi ya Sekta Binafsi, TPSF, ya mwaka 1998, inayokusanya vyama na makampuni ili viseme kwa sauti moja mbele ya serikali. Wenye viwanda wana shirikisho lao, CTI, tangu 1991. Wakulima na wasafirishaji wa mboga, matunda na maua wana TAHA, yenye makao Arusha, tangu 2004.

Faida kubwa ya njia hii ni kwamba kiti kimeshawekwa. Serikali inapoita sekta binafsi, inajua pa kupeleka barua. Msimu wa mapendekezo ya kodi unapofika, vyombo hivi vina watu wanaojua andiko linaandikwaje, linapelekwa dawati gani, na lugha gani hufanya mtaalamu wa wizara aendelee kusoma baada ya ukurasa wa kwanza. Kikundi cha wauza mchele hakiwezi kujenga ujuzi huo kwa mwaka mmoja, na si lazima kiujenge.

Udhaifu wake unatokana na ukubwa wake. Ndani ya chemba moja kuna anayekoboa mpunga wa hapa na anayeagiza mchele kutoka Asia. Wa kwanza anataka ushuru wa asilimia 75 ulindwe, wa pili anatafuta kibali cha nafuu mwaka wa uhaba. Chemba haiwezi kumsemea mmoja kwa nguvu bila kumuumiza mwenzake, hivyo huishia kwenye maneno ambayo hayamgusi yeyote: mazingira bora, miundombinu, mikopo nafuu. Si kosa la viongozi. Ndivyo kilivyo chombo chochote cha watu wengi wenye maslahi tofauti. Kama hoja yenu inawagusa wote sawasawa, chemba ndiyo mahali pake. Kama inawagawa wanachama wa chemba, msitegemee ipiganiwe huko.

Jambo lingine ni kwamba chemba ya mkoa huwa na nguvu kulingana na wanaolipa ada na katibu mtendaji waliyempata. Kabla ya kujiunga, ulizeni maswali mawili: mkutano mkuu wa mwisho ulifanyika lini, na ni hoja gani ya mkoa huu iliyopelekwa mwaka jana ikajibiwa kwa maandishi. Majibu yakiwa ya kusitasita, ingieni kwa ajili ya kile kiti tu na fedha zenu nyingine mziweke kwenye kazi yenu.

Baraza la biashara ni mlango tu

Hapa wengi huchanganya. Baraza la Taifa la Biashara, lililoundwa kwa waraka wa Rais mwaka 2001, ni meza ya mazungumzo. Mwenyekiti wake ni Rais, na wajumbe 40 wamegawanyika nusu kwa nusu kati ya serikali na sekta binafsi. Mfumo huohuo umeshuka hadi mikoani, ambako mwenyekiti ni mkuu wa mkoa, na wilayani, ambako ni mkuu wa wilaya. Huwezi "kujiunga" na baraza kama unavyojiunga na chama. Upande wa sekta binafsi huleta wajumbe kupitia vyombo vyake, na hiyo ndiyo sababu moja nzuri ya kuwa na uhusiano mwema na chemba hata kama hamkubaliani nayo kwa kila jambo.

Maazimio ya baraza si sheria. Nguvu yake ni kwamba mkuu wa mkoa, wakurugenzi, TRA, TANESCO na wakala wa barabara wanakaa chumba kimoja na kusikia jambo lilelile kwa wakati mmoja, na hakuna anayeweza kusema halimhusu. Nendeni na hoja moja au mbili. Ombeni iandikwe kwenye muhtasari nani atatekeleza na kufikia tarehe gani, na kikao kinachofuata kianze kwa kusoma hilo. Kikao kisipoitishwa kwa muda mrefu, kama inavyotokea, andikeni barua ya heshima kwa katibu tawala wa mkoa kuomba kiitishwe, mkiambatanisha ajenda. Ajenda iliyokwisha kuandikwa humwondolea mtu wa ofisini kazi, na barua ya namna hiyo hujibiwa.

Kuunda shirikisho lenu

Wadogo wana sababu za haki za kutotaka kuingia chemba. Wanajiona wageni kwenye vikao vya watu wenye makampuni, na mambo yao, kama kizimba, choo cha soko au mgambo anayebeba meza, hayapati dakika tano. Ndiyo maana Dar es Salaam, mwaka 1995, vikundi vya biashara ndogondogo vilijikusanya na kuunda VIBINDO. Ndiyo maana kuna Jumuiya ya Wafanyabiashara Tanzania, JWT, inayosikika zaidi Kariakoo, na wamachinga wana shirikisho lao, SHIUMA. Desemba 2018 serikali ilipotoa vitambulisho vya shilingi 20,000 kwa wenye mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka, na mwaka 2021 wamachinga walipohamishwa kutoka pembezoni mwa barabara za miji mingi, ilionekana wazi kwamba mtu mdogo asiye na chombo chake huarifiwa uamuzi baada ya kufanyika.

Kwa hiyo sishauri watu waliache wazo la shirikisho. Nashauri walipime kwa mfuko. Shirikisho linahitaji usajili, ama kwa Msajili wa Jumuiya aliye Wizara ya Mambo ya Ndani, ama BRELA kama kampuni yenye ukomo wa dhamana isiyogawa faida. Kila mwaka kuna taarifa za kuwasilisha, hesabu za kukaguliwa, mkutano mkuu wenye akidi. Kuna katibu anayepaswa kulipwa, kwa sababu katibu wa kujitolea ambaye naye ana duka atafungua barua za wizara saa nne usiku, tena siku ya mwisho ya kuwasilisha maoni. Na kuna uchaguzi. Vyama vyenye vikundi wanachama vya ukubwa tofauti hugombana hasa kwenye swali la kura: je, kikundi cha wenye malori 12 kiwe na kura sawa na kikundi cha akina mama 300? Lisipojibiwa kwenye katiba, litajibiwa kwenye ugomvi.

Kipimo changu ni hiki. Kama ada za vikundi wanachama, zilizokwisha kukusanywa na si zile zilizoahidiwa, zinatosha kumlipa katibu na kupanga chumba kwa miaka miwili, anzisheni shirikisho. Msitegemee mfadhili kwa mshahara wa katibu. Mfadhili huja na mradi, mradi una mwisho, na hoja za mradi si lazima ziwe zenu. Mfadhili afadhili utafiti au mafunzo. Mshahara wa anayewasemea utoke mifukoni mwenu, ili ajue anamsemea nani.

Faida ya shirikisho lililosimama vizuri ni kubwa kuliko zote: kumbukumbu. Mkuu wa wilaya huhamishwa, mkurugenzi huhamishwa, madiwani hubadilika kila uchaguzi. Chombo chenye faili la miaka kumi ndicho kinachoweza kumwambia mgeni: hili liliahidiwa na mtangulizi wako, barua hii hapa.

Muungano wa hoja moja

Mfano bora ninaoujua haupo Tanzania, upo Mombasa. Agosti 2019 mamlaka za Kenya zilitoa agizo kwamba mizigo yote iliyoingizwa kupitia bandari ya Mombasa isafirishwe kwa reli ya SGR hadi Nairobi. Kwa siku moja wenye malori, madereva, bohari za makontena, mawakala wa forodha na wafanyakazi wao wakajikuta upande mmoja. Miji iliyoishi kwa malori, kama Mariakani, Voi na Mtito Andei, nayo ikaguswa: gereji, vituo vya mafuta, mama lishe, nyumba za kulala wageni. Watu hawa kwa kawaida hawapendani sana. Mwenye lori na dereva wake wana ugomvi wa kila siku kuhusu posho, na wakala na mwenye bohari wana ugomvi wa gharama. Lakini waliungana, pamoja na mashirika ya haki za binadamu, wakaandamana kila Jumatatu. Mwanzoni mwa Oktoba agizo likasitishwa.

Kilichofuata ndicho kinachonifanya niutaje mfano huu badala ya mwingine. Kesi iliendelea mahakamani, na Novemba 2020 Mahakama Kuu ya Mombasa ikatamka kwamba agizo lile lilikwenda kinyume cha katiba. Moja ya hoja ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa. Hata hivyo shughuli za bandari hazikurudi zote papo hapo. Ilikuwa Septemba 2022, siku aliyoapishwa, ambapo Rais William Ruto alitangaza kurudisha huduma hizo Mombasa. Ni miaka mitatu, kwa hoja moja, ikipita barabarani, mahakamani na kwenye siasa. Muungano uliobeba hoja kumi usingefika huko, ungevunjika mwezi wa pili.

Muungano wa namna hii hauhitaji usajili mpya. Kila kikundi kinabaki na jina lake na muhuri wake, na barua inatoka ikiwa na sahihi zote. Kinachohitajika ni makubaliano ya ukurasa mmoja au miwili, na hapa ndipo ninapowasihi msifanye haraka. Andikeni hoja kwa sentensi moja ambayo kila kikundi kinaikubali neno kwa neno. Andikeni nani msemaji na nani atashika nafasi yake akiwa hayupo. Andikeni kila kikundi kinachangia nini, na fedha zinatunzwa kwa akaunti ya nani. Andikeni mambo ambayo muungano hautayasemea kabisa, kwa sababu mtaulizwa na waandishi wa habari kuhusu siasa na mtu atajibu. Andikeni pia siku ya kuvunjika: hoja ikijibiwa, au bajeti ikipita, muungano unaisha na kila mmoja anarudi kwake, au mnakaa upya kukubaliana.

Jambo moja zaidi linahusu njia zote tatu, ila hujitokeza zaidi hapa kwa sababu washindani wanakaa pamoja. Msizungumze bei. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza wafanyabiashara kupanga bei au kugawana masoko, na kikao kilichoanza kwa kujadili ushuru kikaishia kwa "basi sote tuuze debe kwa bei hii" kimewatia hatarini wote waliosaini mahudhurio.

Na mgomo je?

Mgomo ni silaha, na inaweza kushikwa na chombo cha aina yoyote. Mei 2023 maduka ya Kariakoo yalifungwa kwa malalamiko ya kodi, usajili wa stoo na kamatakamata ya mizigo, na Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akaja kuwasikiliza wafanyabiashara uwanjani Mnazi Mmoja. Tarehe 24 Juni 2024 maduka yalifungwa tena, na safari hii mikoa mingine, Mwanza na Mbeya ikiwamo, ikafuata. Mwaka huohuo Rais aliunda tume ya maboresho ya kodi chini ya Balozi Ombeni Sefue.

Ni haki kusema kwamba milango iliyofungwa ilifanya sauti isikike kwa haraka ambayo barua hazikuwahi kuifikia. Lakini mgomo wa pili ndani ya miezi 13 unaonyesha pia kwamba kusikilizwa na kubadilishiwa kanuni ni vitu viwili. Na wanaolipa gharama ya kwanza ni wabeba mizigo, mama lishe na vijana wa dukani wanaolipwa kwa siku, ambao hawakuulizwa. Kama mnafika huko, basi andiko la madai liwe limekwisha kupokelewa na kugongwa muhuri kabla ya siku ya kwanza, ili anayekuja kuwasikiliza aondoke na karatasi mkononi.

Pia angalieni ushindi wenu unamwangukia nani. Julai 2025, baada ya malalamiko ya muda mrefu ya wafanyabiashara wa Kariakoo kuhusu wageni kufanya biashara ndogo, serikali ilitoa agizo la kuzuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara. Wengi walishangilia. Wakenya wenye biashara huku walilalamika kwamba linakwenda kinyume cha soko la pamoja la Afrika Mashariki, na mfanyabiashara wa Namanga au Sirari anayetegemea jirani alikuwa na haki ya kuuliza kama aliwakilishwa kwenye hoja hiyo.

Zikiwekwa ubavu kwa ubavu

Kwa kasi, muungano wa hoja moja unaongoza. Unaweza kuanza wiki ijayo. Chemba inafuata, maana ipo tayari, ila lazima upange foleni na hoja za wengine. Shirikisho ndilo la polepole, na mwaka wa kwanza wote utaliwa na usajili na uchaguzi.

Kwa fedha, chemba ni nafuu kwa kikundi kimoja kwa sababu gharama zimegawanywa kwa wengi. Muungano hugharimu nauli, uchapaji na labda ada ya mwanasheria. Shirikisho ni ghali, na gharama yake haikomi.

Kwa mdogo kusikika, shirikisho na muungano vinaishinda chemba, lakini kwa sharti: muungano ambao wenye malori ndio wanaolipia kila kitu utawasemea wenye malori, hata kama barua ina sahihi ya akina mama wa sokoni. Ndiyo maana nasisitiza kila kikundi kichangie kitu, hata kama ni kidogo.

Kwa kodi za taifa, chemba na TPSF ziko mbele kwa mbali, kwa sababu ya kalenda. Mapendekezo ya kodi hukusanywa miezi ya mwisho ya mwaka. Bunge la bajeti huanza Aprili, hotuba ya bajeti husomwa katikati ya Juni, na sheria huanza Julai 1. Ukifika Juni na hoja mpya, unakuta kurasa zimeshachapwa, na kilichobaki ni kwenda mbele ya Kamati ya Bunge ya Bajeti kuomba neno moja libadilishwe. Hata kufika mapema hakuhakikishi kitu. Wenye kampuni za utalii wa Arusha wana chama imara, TATO, cha tangu 1983, walipinga VAT kwenye huduma za utalii kwa nguvu zao zote, na bado ikaanza Julai 2016. Chombo kizuri huongeza nafasi ya kushinda, hakinunui ushindi.

Kwa mambo ya mipakani hakuna hata kimoja kati ya vitatu kinachotosha peke yake. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, na siku chache baadaye ikayaruhusu kwa masharti, yakiwamo usajili wa waagizaji na cheti cha kupima sumu hiyo. Malori yaliyokwama Namanga hayakuwa na cha kusema kwa halmashauri yoyote. Hoja kama hiyo hupita kwenye kamati ya taifa ya vikwazo visivyo vya kiforodha, ambayo ina nguvu ya sheria ya Jumuiya ya mwaka 2017, na kwenye Baraza la Biashara la Afrika Mashariki, EABC, lililoko Arusha tangu 1997. Wauzaji wadogo wa mpakani wajue pia kwamba mzigo usiozidi dola 2,000 una utaratibu wake rahisi na cheti chake cha uasili kinachotolewa hapo hapo mpakani. Malalamiko mengi ya geti hupungua kwa kuijua kanuni hiyo tu.

Ningekuwa mwenyekiti wenu

Kwa Kahama, ningeacha kabisa wazo la shirikisho mwaka huu. Ningefunga muungano wa hoja moja kuhusu ushuru kudaiwa mara mbili, kwa sababu ndiyo inayowauma wote na kalamu yake iko karibu. Tungekusanya stakabadhi za msimu mmoja, zile za halmashauri ilikotoka na za geti lililodai tena, tukazipanga kwa tarehe na geti, tukapeleka nakala kwa wakurugenzi wa halmashauri zote mbili. Wakati huohuo vikundi viwili vyenye uwezo vingejiunga na chemba ili tupate sauti kwenye baraza la mkoa, na hoja ya barabara ya maghala ingepita huko, kwa kuwa inahitaji mamlaka kadhaa kukaa pamoja. Suala la ushuru wa mchele wa nje lingebaki kwa wenye mashine na wenzao wa mikoa mingine inayokoboa, Mbeya na Morogoro, wakilipeleka wao kupitia chama cha sekta yao.

Kwa wamachinga wa mji wowote mkubwa ushauri wangu ni tofauti. Hoja zao hazina mwisho, kila mkurugenzi mpya huja na ramani mpya, na hivyo wanahitaji shirikisho lenye faili, hata kama litachukua miaka miwili kusimama. Wakati wakilijenga, wawe na watu wa kusoma mbao za matangazo.

Wasomaji wa Kenya watabadilisha majina, ila mpango unabaki. Kila kaunti hupitisha sheria yake ya fedha kila mwaka, na katiba ya 2010 inailazimu kuwashirikisha wananchi, hivyo muungano wa hoja moja una meno makali zaidi huko kuliko hapa. Kwa mambo ya Nairobi kuna chemba yao ya taifa, KNCCI, na muungano wa sekta binafsi, KEPSA.

Mkimaliza misimu miwili ya bajeti na mkakuta kwamba muungano wenu bado unakutana, unachanga bila kusukumwa, na ofisi za serikali zimeanza kuutaja kwa jina, hapo iteni mkutano wa kuandika katiba. Anzieni kwenye kifungu cha kura.